Ukuta wa Kina Bintu

Mafuriko yalimwachia Maman Eulalie kila kitu chake, na watu wa mtaa wetu wa Cimpunda hawakuchoka kumpongeza. Sufuria zake zilikuwa kamili. Godoro lilikuwa kavu. Karai yake ya kukaangia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani aliowauza sokoni, ilikutwa palepale alipoifunika, haina hata tone la tope. Nyumba yake ilikaa juu ya mwamba, na maji yaliupita mwamba pembeni yakaenda kutafuta wengine. "Maman, weye uko na chance," walimwambia wakipita na makoleo begani, naye aliitikia, "Aksanti, ni Mungu," maana utamjibu nini mtu ambaye bado anatafuta mlango wa nyumba yake ndani ya matope?

Bahati ile ndiyo iliyomtesa. Nitaeleza jinsi ilivyomtesa, kwa sababu yeye mwenyewe hakumweleza mtu, na huo ndio mwanzo na mwisho wa kisa hiki.

Nyumba zetu kule ni za mbao, na zimebanana. Cimpunda haina nafasi ya kila mtu kuwa na kuta zake nne. Anayezitaka zote nne aende akajenge shambani. Marehemu mume wa Eulalie alipokuja kujenga, alikuta nyumba ya baba yake Grégoire imeshasimama, akaomba kuegemeza yake hapo. Akakubaliwa. Akapigilia kuta tatu tu, na wa nne ukawa ule wa jirani. Hakuna aliyeona ajabu. Wazee wale wawili walikunywa chupa yao ya kasiksi, pombe ya ndizi, kuimaliza habari, na miaka ikapita juu yake. Baba yake Grégoire akafa, mume wa Eulalie akafa, Grégoire akamwoa Bintu, wakazaliwa Aganze na mdogo wake Joviale, na ukuta ukaendelea kuwa mmoja.

Mbao za mikaratusi zikikauka hupinda, na zikipinda huacha nyufa. Eulalie alibandika kurasa za kalenda ya parokia kwenye nyufa zake ili kuzuia macho. Sauti aliiacha ipite. Alijua Aganze anakwama wapi kwenye table ya sept, ile ya kuzidisha kwa saba. Alijua kikohozi cha Joviale cha baridi na kile cha kudeka. Alijua Bintu na mume wake wamenuniana kwa jinsi sahani zilivyowekwa chini. Eulalie hakujaliwa mtoto, jambo ambalo kwetu watu hulisema kwa sauti ya chini wakidhani mwenyewe hasikii, lakini mimi nasema alilea: alilea kwa masikio.

Na jioni ndiyo ilikuwa saa yake. Grégoire alianzisha rozari upande ule. Nusu ya kwanza ya kila Salamu Maria ikawa yake, na nusu ya pili ikaitikiwa na Bintu, watoto, na Eulalie upande huu, wote kwa pamoja, kana kwamba mbao hazipo. Grégoire akichelewa kurudi kutoka kazini, Eulalie ndiye aliyeanzisha, na wao wakaitikia. Hakuna aliyelipanga jambo hilo. Siku ambayo Eulalie alikuwa na homa na hakuitikia, Bintu alikuja mbio na chai ya tangawizi kabla rozari haijaisha.

Mvua ile ilinyesha mchana, watu wengi wakiwa bado sokoni Kadutu, na ndiyo maana wengi wako hai. Mfereji wa bondeni ulikuwa umezibwa na chupa za plastiki na takataka za mtaa mzima, tulizozitupa sisi wenyewe, tusimsingizie mtu. Maji yakafika, yakasimama, yakajaa, halafu yakapasua. Upande wa Eulalie ulibaki. Upande wa kina Bintu, udongo uliondoka chini ya jiko na chini ya nusu ya chumba cha kulala, mbao zikabaki zinaning'inia kama jino lililolegea. Hakuna aliyekufa katika nyumba ile. Kwa jirani wa chini walikufa wawili.

Kina Bintu wakahamia kwa Eulalie. Chumba kimoja, watu wazima watatu na watoto wawili, nguo za matope kwenye kamba juu ya vichwa, Grégoire akilala amekunja magoti kwa sababu mlango ulimzuia kunyoosha. Mchana kutwa walichota tope kwa ndoo na sahani za zamani. Maji ya bomba yalikatika, ikabidi kwenda kuyatafuta mbali na kupanga mstari na mji mzima. Kila siku palikuwa na kilio mahali fulani, na walikwenda, wakakaa, wakarudi kuchota tope tena. Katika huzuni yote ile, Eulalie alikuwa na furaha. Alikuwa anaamka amekanyagwa na mguu wa Joviale na anafurahi. Alijionea haya, akaungama hata kwa padri, na padri hakuelewa dhambi iko wapi. Lakini ndivyo ilivyokuwa: wakati mji unalia, yeye alikuwa anapika kwa ajili ya watu watano, na hakutaka wakati ule uishe.

Ukaisha. Jioni moja Grégoire alirudi na habari, akasubiri watoto walale ndipo akaisema.

"Maman, tumepata fasi ku Nyangezi. Zagabe, ndugu yangu, ametupatia fasi nyuma ya nyumba yake. Hapa haiwezekani tena. Mvua ingine ikikuja tunaenda nayo."

"Ni kweli," Eulalie alisema.

"Tutatoa mbao zote, tubebe. Mbao ingali mizuri. Lakini sasa..." Akautazama ukuta, na Bintu akautazama ukuta, na wote wawili wakainamisha macho. "Ile ukuta, maman."

"Mubebe," alisema Eulalie. "Ni ukuta yenu. Papa yako njo aliijenga."

"Tukuache wazi vile?"

"Mubebe tu. Musiwaze juu yangu."

Sasa, katika mji wetu, mtu akikuambia usiwaze juu yake, anataka uwaze. Hilo kila mtu analijua, na Grégoire naye alilijua. Akawaza sana, maskini, hata usingizi ukampaa. Shida ni kwamba aliwaza juu ya ukuta.

Eulalie alikuwa na hesabu yake nyingine kabisa. Ukuta ukiondoka, nyumba yake inabaki na kuta tatu. Nyumba yenye kuta tatu hailaliki. Na watu wenye heshima kama Bintu na Grégoire hawawezi kubeba ukuta wa mtu, wakapanda gari, bila kumwuliza: na wewe, maman, utalala wapi? Hapo angesema hajui. Hapo wangesema twende. Alitaka hilo neno moja tu, twende, na alitaka litoke kwao, kwa sababu hakuwa mama yao wala shangazi yao, hakuwa na damu nao hata tone, na mtu hajialiki katika maisha ya watu kama anayejialika kwenye sahani ya maharage. Angewaomba, wangekubali, hilo alilijua. Wangekubali kwa haya, kisha angekaa miaka yote iliyobaki bila kujua kama walimtaka.

Kwa hiyo aliingoja siku yao kimyakimya, na katika kungoja akajiandaa. Alitia vitenge vyake kwenye mfuko wa mchele. Alitia picha ya marehemu. Sokoni alianza kununua sambaza kidogokidogo, na wateja walipomwagiza za wiki inayokuja alisema, "Tutaona." Na kwa Bintu alipeleka maswali, moja leo, moja kesho, kama mtu anayeuliza habari za hewa.

"Ku Nyangezi kuko baridi?"

"Kiasi tu, maman."

"Na kule banakulaka sambaza?"

"Banakula sana! Lakini bauzaji banaleta zenye kuvunjika-vunjika. Hakuna mwenye anajua kukaanga sawa weye."

Eulalie alikaa siku nzima na jibu hilo. Alilala nalo.

Basi habari ya ukuta ingeishia hapo, ingekuwa heri. Lakini sisi ni watu wa shirika. Kila wiki wakristo wa mtaa ule hukutana kusali nyumba kwa nyumba, wakimaliza Injili huleta matatizo ya mtaa, na président wao, Papa Jean-Marie, ni mwalimu mstaafu, mtu mwema sana, mwenye kupenda mambo yaishe. Bintu alikuwa amemnong'oneza. Wiki ile zamu ilikuwa kwa Eulalie mwenyewe. Watu walikaa mpaka nje mlangoni, Papa Jean-Marie akasimama na kutoa miwani.

"Bakristo, tuko na jambo moja. Maman Eulalie iko mujane. Hana mutoto, hana ndugu wa karibu. Ukuta ya ine ya hii nyumba ni ya Grégoire. Grégoire akiibeba, huyu maman atalala inje sawa mbuzi. Siye tunasema nini?"

Walisema mengi. Mmoja alisema ukuta ukatwe katikati, mwingine akamwuliza kama amewahi kuona ukuta nusu. Grégoire aliinua mkono, macho yamejaa maji, maana hakuwa amelala siku kadhaa.

"Miye nilishaamua. Ukuta inabakia. Tunaiachia maman."

Wakapiga makofi. Papa Jean-Marie akaongeza kwamba kila nyumba yenye ubao wa ziada imletee Grégoire ili kuziba pengo la ukuta anaouacha, na watu wakaahidi palepale, hata waliopoteza zao. Ilikuwa jambo zuri kweli. Mtu mwingine angesimulia mpaka hapo tu na kuufunga mdomo.

Eulalie akasimama.

"Papa président, miye naomba babebe ukuta yao. Sisemi juu ya heshima. Naomba kweli."

Wanawake wakayeyuka. "Munaona roho ya huyu maman?" alisema mmoja, akijifuta jicho kwa pembe ya kitenge. Mwingine alianzisha wimbo wa Bikira Maria. Bintu alimkumbatia mbele ya watu wote, akamwambia sikioni, "Usiendelee kusema vile, maman. Tunakupenda." Na Eulalie akakaa. Kadiri alivyolisema jambo lake, ndivyo walivyozidi kumpenda na ndivyo walivyozidi kutomsikia.

Kina Bintu walipobomoa upande wao, walibomoa kwa upendo. Paa lilishushwa bati kwa bati, mbao zikafungwa mafungu, na ukuta ukaachwa umesimama peke yake. Grégoire hakuridhika. Aliukingia nguzo mbili kwa nje, akaenda kwa fundi wa magari kuomba mafuta machafu ya injini, akaupaka wote mweusi ili mvua isiuozeshe. "Hata tukifa, itabakia," alimwambia, akipangusa mikono kwa majani. Eulalie alimshukuru. Aliutazama ukuta ule mweusi na kuona kwamba umefungwa vizuri kuliko wakati wowote tangu aolewe.

Kwenye barabara kubwa gari lilikuwa linangoja. Wabebaji walipandisha mafungu ya mwisho, Bintu alilia, Eulalie alimbeba Joviale hadi kwenye gari. Mtoto alimshika shingo.

"Maman Eulalie haiendi?"

"Maman iko na nyumba yake," alisema Bintu, akimpokea. "Nyumba muzuri. Ukuta ine zote."

Mtoto aliangalia huyu, akaangalia yule. Watoto wanajua kuuliza. Sisi watu wazima ndio tunaojua kujibu kabla hatujaulizwa. Gari lilipoondoka Eulalie alipunga mkono na kusema safari njema, akabaki pale mpaka waendesha pikipiki wakampigia honi atoke njiani.

Jioni ya kwanza alianzisha rozari. Alisema nusu ya kwanza, akangoja kuitikiwa. Akasema nusu ya pili mwenyewe, haraka, kama anayefunga mlango ulioachwa wazi na mwingine. Alifika kumi la kwanza, akashindwa. Upande wa pili wa ukuta palikuwa na hewa na shimo, na upepo wa ziwani ulikuja ukajigonga kwenye mbao usiku kucha. Alihamisha kitanda akakiweka mbali nao. Kesho yake akakirudisha.

Mji ulipona, hilo lazima tuseme. Jumamosi za salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, watu walitoka na majembe wakauchimba mfereji upya; walipanga mifuko ya mchanga, wakajaza shimo la kina Bintu kwa mawe. Bomba likarudi. Wauza makaa wakarudi kwenye kona yao, na msichana wa kusuka nywele, na redio ya muuza vocha. Wenye nguvu walianza kujenga tena bondeni, palepale, juu ya tope lililokauka, na ukiwaambia wanakuuliza sasa tuende wapi. Eulalie naye alikaanga sambaza zake, akaenda Kadutu, akauza, akarudi. Alisalimiwa na watu wengi kila siku. Hakuna aliyemwacha. Shirika lilipita kumwangalia, na kila aliyepita aliupiga ukuta kiganja kidogo, kama mtu anayempapasa ng'ombe aliyemtoa zawadi, akasema, "Voilà. Imesimama."

Hata kwenye simu ilikuwa hivyo. Grégoire alipiga alipopata mtandao, na baada ya salamu alikuwa na swali moja.

"Na ukuta, maman? Iko muzima?"

"Iko muzima."

"Haijainama?"

"Haijainama."

"Basi tunamushukuru Mungu."

Bintu angeshika simu, angesema Joviale ameota jino, angesema mahindi yameshika, laini ingekatika. Eulalie angebaki ameshika simu ya kimya. Wivu ulimpata, nasema kweli: mwanamke mzima, mjane, alikuwa anauonea wivu ukuta wa mbao, kwa sababu habari zake zinaulizwa.

Siku alipoamua, hakuna jipya lililotokea. Grégoire alipiga, akauliza, akajibiwa, akasema, "Uichunge sana ile ukuta, maman." Eulalie aliweka simu kifuani, akatoka, akapanda kwa Papa Jean-Marie kuomba nyundo.

"Ya nini, maman? Nimutume mutu akusaidie?"

"Hapana, papa. Ni musumari moja inanisumbua."

Alianza na nguzo za nje. Halafu misumari. Grégoire alikuwa ameongeza mingi, mipya, na yote ilitoka ikilia. Mafuta yale machafu yalimpaka mpaka viwikoni, vibanzi vikamchoma, na ubao wa kwanza ulipoanguka mwanga uliingia kwenye chumba mahali ambapo haujawahi kuingia, juu ya kitanda, ukaonyesha vumbi lote. Kelele ilimleta Papa Jean-Marie, na nyuma yake nusu ya shirika.

"Maman! Ukuta yenye tulikuombea!"

"Najua, papa."

"Sasa unaivunja?"

"Siivunji. Ni ya benyewe. Naenda kubarudishia."

Papa Jean-Marie alitazama chumba kilichofunuka, kitanda, mfuko wa mchele wenye vitenge ndani yake, uliokuwa haujawahi kufunguliwa tangu ufungwe. Alifungua mdomo kulimaliza jambo, kama desturi yake. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaliacha bila kulimaliza. Akavua koti, akashika ubao upande wa pili.

Fuso lililokuwa likishuka tupu Kamanyola kwa njia ya Nyangezi, kufuata mzigo wa nyanya, lilimchukua, mbao nyuma, yeye mbele karibu na dereva, mfuko mapajani, karai miguuni. Dereva alikuwa mtu wa maneno. Alitaka kujua anajenga nini kwa mbao chache hivyo. Eulalie alisema hajui bado. Barabara ilikuwa imekatwa na maji sehemu nyingi na kutengenezwa nusunusu, na kila gari liliporuka mbao zilipiga kelele, naye aligeuka kuzitazama. Njia nzima alitunga cha kusema. Nimekuja kuwasalimia. Nimeona mutazihitaji mbao kwa jiko. Nitarudi na gari ya jioni. Alizirudia mpaka zikawa laini mdomoni.

Bintu alikuwa kwenye maharage, nyuma ya nyumba ya Zagabe. Alipoona fuso linasimama na Eulalie anashuka bila kupiga simu, alitupa jembe akaja mbio, mkono kichwani.

"Maman Eulalie! Kuko nini? Nani amekufa?"

"Hakuna mutu amekufa."

"Sasa?"

"Nimeleta ukuta yenu."

Dereva na utingo wake walikuwa wanashusha mbao kando ya barabara, nyeusi, moja juu ya nyingine. Bintu aliziangalia. Alianza kucheka, akadhani ni mchezo, kisha akaiona mikono ya Eulalie.

"Na nyumba yako?"

"Iko wazi."

"Wazi namna gani?"

"Wazi. Ukisimama mu njia unaona kitanda."

Fuso likaondoka. Vumbi likatua. Bintu alisimama na udongo wa shamba kwenye vidole, akamwuliza, taratibu, kama anayelipata neno hilo sasa hivi tu:

"Maman, sasa utalala wapi?"

Eulalie alikuwa amelingoja swali hilo kwa muda mrefu kiasi kwamba lilipokuja hakulitambua mara moja. Yale maneno laini ya njiani yalikuwa tayari: gari la jioni, kuwasalimia, jiko. Aliyatafuta akayaona, akayaacha.

"Hapa," alisema. "Nilitaka kulala hapa. Sisemi leo tu. Nilikuwa nangojea muniambie twende, na hamukuniambia."

Machozi na hasira vikamjia Bintu pamoja.

"Na juu ya nini haukusema?"

"Nilisema. Nilisema mubebe ukuta."

"Maman! Ile njo kusema?"

Swali lilipotoka kwenye mdomo wa mtu mwingine, Eulalie alilisikia neno lake jinsi lilivyo, na kweli halikuwa kusema. Bintu aliketi juu ya mbao, akajipaka mafuta machafu kwenye kitenge bila kujali, akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. Aliutazama mlango wa Zagabe kule mbele, uliokuwa umefungwa.

"Hapa si kwetu, maman," alisema. "Tusidanganyane. Ni kwa Zagabe, na muke yake iko mukali. Siye benyewe tunalala bane mu chumba moja, na kila asubui tunaangalia uso yake kabla ya kuwasha moto. Anaweza kukataa."

"Najua."

"Akikataa, sina nguvu."

"Najua, mutoto yangu."

Hakuwahi kumwita hivyo. Bintu aligeuka kumtazama, akageuza uso tena.

"Leo utalala na batoto. Kesho tutaenda kumuuliza ule muke ya Zagabe, miye na weye. Lakini miye sitasema kitu. Weye njo utasema. Kwa mudomo yako, vile ulisema sasa."

Eulalie alihisi neno limeshafika kwenye ulimi, lile neno lake la miaka yote: hapana, musijisumbue juu yangu. Alilimeza.

"Ndiyo," alisema. "Nitasema." Na aliiogopa kesho ile kuliko alivyoyaogopa maji.